Baraza la mbao la nje: chagua msumari kwanza, bunduki baadaye

Mtu akipanga kujenga baraza la mbao nje ya nyumba, swali la kwanza huwa: ninunue bunduki gani ya misumari? Swali lenyewe ni zuri, ila limekuja mapema mno. Baraza moja lina viungo vya aina nne au tano. Kila kiungo kina kifungio kinachokifaa, na viungo vingine havitaki bunduki hata kidogo. Ukianza na mashine utajikuta unalazimisha msumari wake kila mahali, hata pale panapohitaji bolti.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye mbao na kuishia kwenye mashine. Nitatumia neno joisti kwa zile mbao zinazosimama kwa ubavu na kubeba sakafu, na boriti kuu kwa ile inayozibeba joisti zenyewe.

Hatua ya 1: Tembea kwenye mchoro, kiungo kwa kiungo

Chukua mchoro wa baraza lako, na kwenye kila kiungo jiulize: uzito unasukuma upande gani? Kuna nguvu mbili za kuangalia. Moja inataka kuitelezesha mbao juu ya mwenzake, yaani kuukata msumari katikati. Nyingine inataka kuzitenganisha mbao, yaani kuung'oa msumari ulikoingilia.

Msumari ni hodari kwenye nguvu ya kwanza. Chuma chake ni laini kiasi, hupinda kabla ya kukatika, na ukiona umepinda umeshapata onyo. Kwenye nguvu ya pili ni dhaifu, hasa ukiwa na mwili laini usio na pete. Skrubu ni kinyume chake: hushika sana zisitoke, lakini zile za kawaida zimekaushwa kwa moto hadi zikawa ngumu na kavu, zikibebeshwa mzigo wa kukata zinavunjika ghafla. Ndiyo maana skrubu nyeusi za kufungia bodi za jasi hazina nafasi popote kwenye baraza. Kwanza zinavunjika, pili zinaoza kwa kutu ndani ya muda mfupi.

Sasa viungo vyenyewe.

Boriti ya ukutani, ile inayoshikamana na nyumba, usiipigilie misumari. Hapa sina mjadala. Watu wakisimama kwenye baraza, uzito wao hauendi chini tu. Unaivuta boriti hiyo iachane na ukuta, na msumari hutoka kidogokidogo bila mtu kuona. Mabaraza mengi yaliyoanguka yaliachia hapo hapo, na huachia siku yenye wageni kwa sababu ndiyo siku yenye uzito. Tumia bolti za milimita 12 zinazopenya upande wa pili na kufungwa kwa nati na washa pana, au skrubu nene za kufungwa kwa spana, au skrubu maalumu za miundo ambazo mtengenezaji ameandika zinabeba kiasi gani. Zipange kwa kupishana, moja juu moja chini, zisikae kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mbao, maana mstari huo ndio utakaopasuka. Misumari miwili mitatu ya kuishikilia boriti wakati unatoboa ni sawa, mradi usiihesabu kama kitu kinachobeba.

Nguzo za uzio wa kuegemea nazo ni za bolti. Mtu mzima akiegemea juu ya nguzo yenye urefu wa mita moja, nguvu inayofika kwenye shina lake ni mara kadhaa ya ile aliyoiweka juu.

Joisti zinapokutana na boriti ya ukutani huwekwa kwenye hanga, yaani vile vikombe vya bati nene vyenye matundu. Hapo ni pa misumari, lakini misumari ya aina yake, na tutarudi huko. Joisti zinazokaa juu ya boriti kuu hufungwa kwa vibati vya kuzizuia zisiinuke, pamoja na misumari ya mshazari. Fremu ya pembeni, vipande vya kuzuia joisti zisipinde na ngazi za muda ni kazi ya bunduki kubwa, na hapo ndipo inapookoa muda kweli.

Mbao za juu, zile unazozikanyaga, ni skrubu. Nitaeleza kwa nini nikifika.

Hatua ya 2: Amua chuma kabla ya urefu

Kifungio cha nje hufa kwa kutu muda mrefu kabla ya kufa kwa mzigo, kwa hiyo swali la chuma linatangulia.

Mbao nyingi za nje zimeshindiliwa dawa kwa shinikizo. Zamani dawa iliyotumika sana ilikuwa CCA, yenye arseniki. Mwisho wa 2003 viwanda vya Marekani viliacha kuitumia kwenye mbao za nyumbani, na nafasi yake ikachukuliwa na dawa kama ACQ na CA, ambazo zina shaba nyingi zaidi. Shaba ikikutana na chuma penye unyevu, chuma ndicho kinacholiwa. Msumari uliodumu miaka mingi kwenye mbao za zamani unaweza kuwa mwembamba kama sindano kwenye mbao za sasa, na kichwa chake bado kinaonekana kizima kwa juu.

Kwa hiyo kuna ngazi mbili tu zinazofaa. Ya kwanza ni msumari uliochovywa kwenye zinki ya moto. Utaujua kwa macho na kwa kidole: ni wa kijivu kisichong'aa, una ngozi yenye mikwaruzo na hata vidonge vya zinki hapa na pale. Ule unaong'aa na kuteleza umepakwa zinki kwa umeme, tabaka lake ni jembamba sana, na haufai nje hata kama boksi limeandikwa kwamba una zinki. Kwenye boksi tafuta namba A153, ambayo ni kiwango cha kuchovya vifungio kwenye zinki ya moto. Kwa hanga na vibati tafuta G185, alama ya tabaka nene la zinki. Zile za G90 ni za ndani ya nyumba.

Ngazi ya pili ni stenlesi. Daraja la 304 linatosha sehemu nyingi. Karibu na bahari au bwawa la kuogelea lenye klorini chukua 316, kwa sababu ina molibdenamu inayoistahimili chumvi. Stenlesi pia ndiyo ya kutumia kwenye mbao zenye tanini nyingi (kemikali ya asili ndani ya mbao) kama mwaloni na mwerezi, la sivyo kila kichwa cha msumari kitateremsha mchirizi mweusi juu ya mbao.

Kitu kimoja cha kukumbuka: usichanganye. Hanga ya zinki ipate misumari ya zinki, hanga ya stenlesi ipate ya stenlesi. Ukizikutanisha kwenye maji, zinki italiwa haraka kuliko ingekuwa peke yake. Na usiweke kitu chochote cha alumini kikigusa mbao yenye dawa ya shaba.

Hatua ya 3: Urefu, unene na umbo la mwili

Kwa kawaida msumari uwe na urefu wa mara mbili hadi mbili na nusu ya unene wa mbao unayoifunga. Mbao ya milimita 38 ikifungwa kwenye nyingine yenye nafasi ya kutosha, msumari wa milimita 75 hadi 90 unafaa.

Unene ndio unaodanganya watu. Boksi nyingi, hasa zinazofuata vipimo vya Marekani, zina namba yenye herufi d, mfano 10d au 16d. Ukisoma 16d ukadhani umeshamaliza, utakosea. Msumari wa kawaida wa nyundo wa 16d una unene wa milimita 4.1 na urefu wa milimita 89. Ile ya bunduki inayouzwa kwa jina hilohilo mara nyingi ina milimita 3.3 tu, na ni mifupi kidogo. Piga hesabu ya eneo la chuma: mnene una chuma kinachozidi kwa nusu nzima. Mchoro wako ukisema misumari mitatu ya 16d ya kawaida, misumari mitatu myembamba ya bunduki si sawa nayo. Utaongeza idadi au utabadilisha msumari. Soma milimita, au sehemu za inchi, na uiache ile d.

Mwili wa msumari uwe na pete. Vile vipete vidogo hufungwa na nyuzi za mbao, na huo ndio msaada wa kweli dhidi ya kung'oka kwa mbao zinazolowa na kukauka kila siku. Mwili laini uache kwa kazi za muda.

Kwa hanga, misumari inayotumika zaidi ina unene wa milimita 3.8 au 4.1. Ile mifupi ya milimita 38 huingia kwenye matundu ya pembeni pale ambapo mrefu ungetokea upande wa pili. Lakini tazama vizuri hanga yako: nyingi zina matundu yaliyoinamishwa, yanayoelekeza msumari uingie kwa mshazari kupitia joisti hadi kwenye boriti iliyo nyuma. Matundu hayo yanataka msumari mrefu, kwa kawaida wa milimita 76. Ukiweka mfupi hapo, unaishia ndani ya joisti bila kuifikia boriti, au unaigusa kwa ncha tu. Kwa nje kiungo kinaonekana kamili, na uwezo wake umepungua sana. Jaza kila tundu la duara ambalo karatasi ya mtengenezaji inasema lijazwe. Na skrubu ya kawaida isiingie kwenye hanga. Ukitaka skrubu, ziko zilizotengenezwa kwa ajili ya hanga na zimeandikwa hivyo.

Hatua ya 4: Sasa chagua bunduki

Bunduki kubwa za fremu hutofautiana kwa pembe ambayo misumari imelala ndani ya magazini, yaani ile sehemu inayobeba misumari. Namba hiyo si mapambo. Misumari ya digrii 21 haitaingia kwenye bunduki ya digrii 30, na ukilazimisha itakwama.

Za digrii 21 hutumia misumari iliyoshikanishwa kwa plastiki, yenye vichwa vya duara kamili. Kichwa kamili kinashika mbao vizuri, na zipo kanuni za ujenzi zisizokubali vichwa vilivyokatwa upande kwenye baadhi ya viungo. Ubaya ni vipande vya plastiki vinavyoruka kila unapopiga, na magazini ndefu. Za digrii 30 hadi 34 hutumia misumari iliyofungwa kwa karatasi. Magazini yake imeinuka zaidi, kwa hiyo bunduki inaingia vizuri kati ya joisti mbili zilizoachana milimita 400, ambapo ya digrii 21 inaweza kukwaruza ukingo. Karatasi haipendi mvua. Boksi likilala nje usiku, misumari hukwama asubuhi. Kabla ya kununua yoyote, hakikisha kuna misumari ya zinki ya moto ya pembe hiyo unapoishi. Bunduki nzuri isiyo na misumari ya nje haikusaidii kwenye baraza.

Zile za koili, za digrii 15, hubeba misumari mia mbili na zaidi kwa mkupuo, lakini ni nzito. Kwa baraza la nyumbani sioni haja yake.

Bunduki ya hanga ni nyingine kabisa. Ncha ya msumari hutokeza mbele ya mdomo, unaitia kwenye tundu la bati, kisha unapiga. Bunduki ya kawaida ya fremu haina uwezo huo: unakisia tundu lilipo, na msumari ukigonga bati unaweza kuruka pembeni. Usijaribu.

Ila bunduki ya hanga ni ghali kwa mtu wa baraza moja. Hapa ushauri wangu ni bunduki ya kiganja. Ni ndogo, inakaa mkononi, ina sumaku mdomoni, inapokea msumari mmoja mmoja wa aina yoyote na kuugonga mara nyingi kwa haraka hadi uzame. Huhitaji kujali pembe wala plastiki, inaingia kwenye kona ambako nyundo haina nafasi ya kuzunguka, na misumari yake ni ileile inayouzwa kwa kilo. Bunduki hii, nyundo nzuri na mashine ya betri ya kufungia skrubu vinamaliza baraza la wastani. Bunduki kubwa ya fremu unaweza kuikodi kwa siku chache za fremu.

Bunduki ndogo za kumalizia, zenye misumari myembamba kama ya geji 16 au 18, ziache ndani ya nyumba. Vichwa vyake ni vidogo mno. Mbao ikijikunja kwa jua inavipita.

Kuhusu nguvu: ya hewa ni nyepesi mkononi na haina mambo mengi, ila unaburuta mpira na kompresa inapiga kelele. Bunduki za fremu nyingi hufanya kazi kati ya psi 70 na 120 (psi ni kipimo cha presha ya hewa), na kompresa ndogo yenye tangi la lita 20 hivi inamtosha mtu mmoja. Za betri ni nzito zaidi lakini hazina mpira wa kukukwaza juu ya joisti zilizo wazi, na hilo ni jambo la usalama pia. Zipo za gesi na betri kwa pamoja. Zinafanya kazi vizuri ila zinataka mitungi yake na kusafishwa mara kwa mara. Kwa bunduki ya hewa tumia hewa ya kompresa tu. Oksijeni au gesi nyingine ya mtungi inaweza kuilipua.

Hatua ya 5: Kifyatulio

Kuna namna mbili kuu. Ya kupiga moja moja hutaka ubonyeze mdomo kwenye mbao kwanza, kisha uvute kifyatulio, kisha uachie vyote kabla ya msumari unaofuata. Ya kugusa hukuruhusu kushikilia kifyatulio na kugongagonga mdomo, na kila mguso unatoa msumari. Hii ya pili ni ya haraka, na ndiyo inayoumiza. Mwaka 2011 OSHA na NIOSH, taasisi za Marekani za usalama na afya kazini, zilitoa mwongozo wa bunduki za misumari unaosema hatari ya kuumia kwa ile ya kugusa ni mara mbili ya ile ya moja moja. Bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo inagusa mbao tena, na msumari wa pili unatoka bila wewe kutaka. Kati ya 2001 na 2005, hospitali za Marekani zilipokea kwenye idara za dharura wastani wa majeruhi 37,000 wa bunduki hizi kwa mwaka. Wengi huumia mikono na vidole.

Chukua ya moja moja. Kwenye baraza muda hautumiki kwenye kupiga bali kwenye kupima na kukata.

Mkono usioshika bunduki ukae angalau sentimita 30 kutoka mdomoni, na usiwe nyuma ya mbao inayopigwa. Msumari ukikuta jicho la mbao hupinda na kutokea ubavuni. Vaa miwani na vizuia kelele. Usifunge ile sehemu ya usalama mdomoni kwa waya ili bunduki ipige kirahisi. Na kabla ya kuondoa msumari uliokwama, chomoa mpira wa hewa au betri kwanza, hata kama ni kazi ya sekunde tano.

Hatua ya 6: Pima kina kwenye kipande cha taka

Anza na psi 90 na upige misumari kadhaa kwenye mabaki ya mbao ileile. Kichwa kikae sawa na uso wa mbao. Kikizama, kimekata nyuzi zilizotakiwa kukishika, na unene wa mbao uliobaki chini yake ndio unaohesabika. Kikibaki juu, malizia kwa nyundo. Rekebisha kwa gurudumu la kina lililo mdomoni kabla ya kugusa presha. Mbao mbichi na kavu hazilingani, kwa hiyo jaribu upya ukibadilisha lundo.

Hatua ya 7: Mbao za juu

Misumari inawezekana hapa, lakini jua na mvua huzikunja mbao na kuzikunjua, na kila mzunguko unausogeza msumari juu kidogo. Baada ya misimu michache unakanyaga vichwa kwa miguu mitupu. Skrubu haisogei, na siku ubao ukiharibika unaufungua bila kuvunja kitu.

Kwa mbao ya unene wa milimita 25 hivi tumia skrubu ya milimita 63. Kwa ya milimita 38 tumia ya 75. Weka mbili kwa kila joisti, milimita 20 hadi 25 kutoka kila ukingo. Mwisho wa ubao toboa kwanza, kwani hapo ndipo panapopasuka. Mbao ngumu toboa kote. Mbao za plastiki na unga wa mbao zina skrubu zake, zenye nyuzi za kinyume chini ya kichwa zinazozuia uso usivimbe kuzunguka tundu, au klipu za kujificha zinazoingia kwenye mfereji wa pembeni. Klipu hupendeza na hujipimia nafasi zenyewe, ila kubadilisha ubao wa katikati ni kazi.

Nafasi kati ya mbao inategemea unyevu. Mbao zilizotoka kwenye dawa zikiwa bado zimeloa zibananishe, zitajiachia zenyewe zikikauka. Zilizokauka ziachie milimita 3 hadi 6.

Idadi ni hesabu rahisi. Baraza la mita 4 kwa 3, joisti kila milimita 400, lina joisti 11. Mbao za upana wa milimita 140 na nafasi ya 5 zitakuwa 21. Zidisha 21 kwa 11 kwa 2: skrubu 462. Ongeza moja ya kumi kwa zitakazoharibika na utafika 510, kwa hiyo boksi la 500 halitoshi. Kwa hanga, hesabu matundu ya hanga moja, marefu kando na mafupi kando, kisha zidisha kwa idadi ya hanga.

Msimu wa mvua wa kwanza ukiisha, pita chini ya baraza na tochi ukague hanga na nati za boriti ya ukutani, maana mbao zikikauka husinyaa na nati hulegea. Zikaze. Msumari uliochomoza popote usiugonge urudi, kwa kuwa tundu lake limeshapanuka. Ung'oe, na mahali pake weka skrubu ya miundo ya stenlesi au ya zinki ya moto iliyo nene kuliko ule msumari. Ukiwa umetoka kwenye hanga, weka skrubu ya hanga ya chuma kinacholingana na hanga hiyo.